Notre Dame na mechi za bakuli: inakuwaje timu inaalikwa inakataa?

Tarehe 7 Desemba 2025 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoko jimbo la Indiana, ilitoa taarifa fupi: isipangiwe mechi yoyote ya bakuli msimu huo. Timu yenyewe haikuwa mbovu. Ilifungua msimu kwa vipigo viwili vyembamba, cha pointi tatu na cha pointi moja, kisha ikashinda mechi kumi mfululizo.

Aliyezoea soka la kwetu akisoma habari hiyo anabaki na maswali. Imefungiwa? Imegoma? Inawezekanaje timu iliyoshinda mara kumi ikatae kucheza mechi ya mwisho wa msimu, na hakuna anayeikata pointi wala kuishusha daraja? Jibu lote limo katika neno moja, mwaliko. Bakuli ni mwaliko, na mwaliko unaweza kuja, unaweza usije, na ukija unaweza kuukataa. Ukilishika hilo, historia ya Notre Dame ya miaka mia moja inafunguka yenyewe, maana chuo hiki kimekataa mialiko kwa miaka mingi.

Bakuli ni kitu gani hasa

Tuanze na mchezo wenyewe kwa ufupi. Mpira wa Kimarekani ni ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Baada ya hapo unapiga teke la nyongeza la pointi 1, au unajaribu kuuingiza tena mpira kwa pointi 2. Ukishindwa kufika kwenye mstari, unaweza kuupiga mpira upite kati ya milingoti, pointi 3. Kwa makala hii hayo yanatosha.

Mechi ya bakuli ni mechi moja ya mwaliko inayochezwa baada ya msimu wa kawaida kwisha, kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari. Ni mechi moja, si mashindano. Anayealika ni kamati ya mji fulani au kampuni inayotaka wageni wajaze hoteli na jina lake lionekane kwenye televisheni. Ukitaka mfano wa karibu, chukua Kombe la Mapinduzi la Zanzibar: mwenyeji anaalika, timu zinavuka bahari, na msimamo wa ligi hauguswi. Sasa lipunguze kombe lile liwe mechi moja tu, kisha zifanye mechi hizo ziwe kama arobaini, zimesambaa katika miji mbalimbali.

Jina limetokana na umbo la uwanja. Chuo cha Yale kilijenga uwanja mwaka 1914 kwa kuchimba ardhi na kupandisha viti pembeni, ukawa kama bakuli, nao ukaitwa hivyo. Pasadena, California, walikuwa na sherehe ya maua ya waridi kila Mwaka Mpya, na mwaka 1902 waliongeza mechi ya mpira: Michigan iliichapa Stanford 49-0, aibu iliyowafanya waandaaji waache mpira hadi 1916. Walipojenga uwanja wao wa bakuli, mechi ya kwanza ya Mwaka Mpya ndani yake ikiwa ya 1923, mechi nayo ikabeba jina: Rose Bowl, bakuli la waridi. Miji mingine ikaiga kwa mazao yake. Miami wakawa na bakuli la chungwa (Orange Bowl), New Orleans la sukari (Sugar Bowl), Dallas la pamba (Cotton Bowl). Siku hizi mazao yamepisha wafadhili. Lipo hata bakuli la biskuti, Pop-Tarts Bowl la Orlando, ambapo mtu aliyevaa vazi la biskuti huingia ndani ya toasta kubwa na timu iliyoshinda ikala biskuti inayotokea upande wa pili. Si utani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: bakuli si uwanja. Jina ni la mechi, na mechi inaweza kuhama. Notre Dame wenyewe walicheza Rose Bowl ya Januari 2021 katika jimbo la Texas, umbali wa zaidi ya kilomita 1,900 kutoka Pasadena, kwa sababu masharti ya korona huko California hayakuruhusu hata familia za wachezaji kuingia uwanjani. Alabama iliwafunga 31-14.

Ili timu ialikwe, kwa kawaida lazima iwe imeshinda mechi 6 kati ya 12. Na kama kadi ya harusi ya kwetu, mwaliko huja na mchango wake. Chuo hupewa fungu la tiketi za kuuza, na zisipouzika hasara humwangukia chuo au ligi yake. Kuna ndege, kuna hoteli za wachezaji, kuna bendi ya wanafunzi yenye mamia ya watu na ngoma zao. Faida kubwa si fedha kama watu wanavyodhani. Faida ni siku za mazoezi zinazoongezeka, takriban 15, ambazo kocha huzitumia kuwapika vijana wa mwaka wa kwanza huku wale wasio na bakuli wakiwa wamefunga vitabu.

Safari ya treni, na miaka 44 ya kukaa nyumbani

Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa 1842 na mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile ambalo lipo Uganda tangu 1958. Jina ni la Kifaransa, yaani Bibi Yetu, ingawa Wamarekani hulitamka kwa namna ambayo Mfaransa hatalitambua. Timu huitwa Fighting Irish.

Mechi yao ya kwanza ya bakuli ilikuwa Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 1925. Kocha Knute Rockne alikuwa na kikosi kilichoshinda mechi zote tisa za msimu wa 1924. Wapinzani, Stanford, walikuwa na Ernie Nevers, jitu lililokimbia na mpira yadi 114 siku hiyo. Kwa takwimu za uwanjani Stanford walistahili. Ila walirusha pasi ovyo: Elmer Layden wa Notre Dame alizinyaka mbili hewani na kukimbia nazo hadi mwisho, moja yadi 78, nyingine yadi 70. Tachidauni nyingine ilitokana na mchezaji wa Stanford kuponyokwa na mpira. Matokeo 27-10.

Safari ndiyo iliyobadilisha mambo. Wakati huo ndege haikuwa usafiri wa timu. Treni ilishuka hadi New Orleans, ikapita Houston na Tucson, timu ikifanya mazoezi njiani, na kurudi nako kukawa na vituo vya karamu na hotuba. Kwa jumla vijana walikuwa nje ya darasa takriban wiki tatu. Wakuu wa chuo, mapadre ambao tayari walikuwa wakisemwa kwamba wanaendesha kiwanda cha mpira chenye darasa pembeni, wakaamua basi. Mwaliko ukija, jibu ni hapana.

Hapana hiyo ilidumu hadi 1969. Hebu fikiria ukubwa wake: Notre Dame ilitangazwa bingwa wa nchi na waandishi wa shirika la habari la AP mwaka 1943, 1946, 1947, 1949 na 1966, na katika misimu hiyo yote mitano haikucheza bakuli hata moja.

Bingwa wa kura

Msomaji makini atauliza: bingwa bila fainali? Ndiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ubingwa wa mpira wa vyuo vikuu Marekani haukuwa na fainali. Kulikuwa na kura. AP walianza kupigisha kura waandishi wa habari mwaka 1936, na shirika jingine, UPI, baadaye likawa linakusanya kura za makocha. Mwenye kura nyingi mwisho wa msimu ndiye bingwa. Mashirika mawili yakitofautiana, mabingwa wanakuwa wawili, kila mmoja na kombe lake na ubishi wake.

Tena kura ya mwisho ilikuwa ikipigwa kabla ya mabakuli. Bakuli lilihesabiwa kuwa tafrija ya Mwaka Mpya. Mwaka 1947 AP waliipa Notre Dame ubingwa, kisha Michigan ikaingia Rose Bowl na kuifumua USC 49-0. AP wakapigisha kura nyingine isiyo rasmi na Michigan ikaongoza, lakini kombe halikuhama. Kwa mfumo huo, kukaa nyumbani hakukuwa na gharama yoyote.

Gharama ilianza msimu wa 1968, AP walipohamishia kura yao ya mwisho baada ya mabakuli moja kwa moja. Sasa timu inayokaa nyumbani ilikuwa inawaachia wengine nafasi ya mwisho ya kuwashawishi wapiga kura. Mwaka uliofuata, chini ya rais wa chuo, Padre Theodore Hesburgh, Notre Dame ikafungua mlango. Sababu iliyotangazwa ilikuwa fedha: mapato ya bakuli yangeingia katika ufadhili wa masomo, hasa kwa wanafunzi wa jamii za wachache. Sina shaka kwamba ufadhili ulikuwa wa kweli, ila atakayesema kalenda ya kura haikuchangia anatutania.

Cotton Bowl ya Januari 1970 wakapangiwa Texas, namba moja nchini, wakalala 21-17 kwa tachidauni iliyoingia zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde kadhaa. Mwaka uliofuata walikutana tena na Notre Dame ikashinda 24-11, ikakata mnyororo wa Texas wa ushindi wa mechi 30.

Mwaka 1973 unahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ndio uliobadilisha utaratibu wa kura kwa wote. Notre Dame ilicheza mabakuli mawili mwaka huo. Tarehe 1 Januari, kwa msimu wa 1972, ilinyukwa na Nebraska 40-6. Tarehe 31 Desemba, kwa msimu wa 1973, ilikutana na Alabama mjini New Orleans katika Sugar Bowl, timu zote mbili zikiwa hazijafungwa, na vyuo hivyo vilikuwa havijawahi kukutana kabla. Uongozi ulikuwa ukihama kila mara. Al Hunter wa Notre Dame aliupokea mpira wa kuanzia na kukimbia yadi 93 moja kwa moja. Alabama nao walikosa teke la pointi moja baada ya tachidauni, kosa lililoonekana dogo wakati ule. Zikiwa zimebaki dakika nne na ushei, Bob Thomas akapiga teke la pointi tatu, 24-23.

Alabama wakaubana mpira karibu kabisa na mstari wa mwisho wa Notre Dame. Wapinzani wakiangushwa na mpira nyuma ya mstari wao wenyewe unapata pointi mbili, na mbili zingetosha. Kila aliyekuwa uwanjani alitegemea Notre Dame wakimbie na mpira kwa tahadhari, kisha waupige mbali. Badala yake kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, Tom Clements alirudi nyuma hadi ndani ya eneo la hatari na kurusha pasi ndefu kwa Robin Weber, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuzuia watu. Yadi 35. Mechi ikaishia hapo.

AP wakaipa Notre Dame ubingwa. Lakini UPI walikuwa wameshapiga kura yao kabla ya bakuli, na bingwa wao alikuwa Alabama, timu iliyotoka kufungwa. Makocha wakachekwa nchi nzima, na kuanzia msimu wa 1974 nao wakahamishia kura yao baada ya mabakuli.

Mchuzi wa kuku, Dallas

Kama utasikia habari moja tu ya bakuli kutoka kwa shabiki wa Notre Dame, itakuwa Cotton Bowl ya tarehe 1 Januari 1979 dhidi ya Houston. Dallas ilikuwa imeganda barafu. Kwotabeki Joe Montana, ambaye baadaye alishinda makombe manne ya ligi ya kulipwa akiwa na San Francisco, alikuwa na mafua makali, na joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 35 na nusu hivi. Mapumzikoni alibaki chumbani amefunikwa mablanketi, madaktari wakimnywesha mchuzi wa kuku wa moto.

Zikiwa zimebaki dakika saba na sekunde 37, Houston waliongoza 34-12. Notre Dame wakazuia teke la Houston kwa mwili, Steve Cichy akauokota mpira na kukimbia nao yadi 33 hadi mwisho, na jaribio la pointi mbili likaingia. Montana, aliyekuwa amerudi uwanjani, akaongeza tachidauni nyingine na pointi mbili nyingine, 34-28. Sekunde sita zikiwa zimebaki, alimrushia Kris Haines kwenye kona, ikakosa. Zikabaki sekunde mbili. Akarudia pasi ile ile, kona ile ile, Haines akaidaka. Sare 34-34 na saa imesimama kwenye sifuri. Joe Unis akapiga teke la nyongeza, likaingia, mwamuzi akalifuta kwa kosa la upande wake. Akapiga tena. 35-34.

Wanaoikuza habari hii huongeza kwamba Notre Dame ilikuwa bingwa siku hiyo. La, hasha. Ubingwa ulikuwa wa mwaka mmoja kabla, walipoipiga Texas 38-10 katika bakuli hilo hilo. Ushindi wa mchuzi wa kuku haukuleta kombe la taifa.

Vipigo tisa

Chini ya kocha Lou Holtz timu ilikwenda bakuli misimu tisa mfululizo, ikashinda tano, ikafungwa nne. Fiesta Bowl ya Januari 1989 dhidi ya West Virginia, 34-21, ndiyo iliyoleta ubingwa wa mwisho ambao chuo hiki kimeupata. Orange Bowl ya 1991 iliuma zaidi: Raghib Ismail alirudisha mpira yadi 91 hadi mwisho, chini ya dakika moja ikiwa imebaki, lakini mwenzake alikuwa amemsukuma mtu kwa nyuma na tachidauni ikafutwa. Colorado 10, Notre Dame 9.

Kisha kikaja kiangazi. Kuanzia Januari 1995 hadi Januari 2007 Notre Dame ilifungwa mabakuli tisa mfululizo, ikiwemo 41-9 dhidi ya Oregon State na 41-14 dhidi ya LSU. Dhana inayopendwa ni kwamba walikuwa na mkosi. Sababu ni ya kibiashara zaidi. Notre Dame ina mashabiki nchi nzima, kwa hiyo mwalikaji anajua tiketi zitaisha na televisheni zitawashwa, naye huwaalika kwenye bakuli kubwa kuliko kiwango chao cha mwaka huo. Ni sawa na mwanamasumbwi mwenye jina kubwa: anapangiwa pambano kuu hata pale mikono yake inapokuwa imechoka, na anayemkuta ulingoni yuko katika ubora wake. Mkosi uliisha mkesha wa Krismasi 2008 huko Honolulu, bakuli dogo, mpinzani wa saizi yao, 49-21.

Kukataa hakukuisha pia. Mwaka 1996, wakiwa na ushindi nane na vipigo vitatu, walikataa bakuli la ngazi ya chini. Mwaka 2009, ushindi sita na vipigo sita na kocha ameshafukuzwa, wakakataa tena. Kwa hiyo ya 2025 haikuwa kioja cha kwanza.

Wachezaji mmoja mmoja nao siku hizi hukataa, na Notre Dame imo katika chanzo chake. Fiesta Bowl ya Januari 2016 beki Jaylon Smith, aliyetegemewa kuchukuliwa miongoni mwa wa kwanza kabisa na timu za kulipwa, aliharibika kano za goti. Akaangukia nafasi ya 34, na mamilioni yakapotea kwa mechi ambayo haikuamua chochote. Tangu hapo kijana mwenye soko hujiuliza mara mbili. Januari 2022 Kyle Hamilton na Kyren Williams hawakucheza Fiesta Bowl, na Notre Dame iliyokuwa ikiongoza 28-7 dhidi ya Oklahoma State ikalala 37-35.

Mchujo umeingiaje humu

Kuanzia msimu wa 2014 kuna mchujo rasmi wa kitaifa, kwanza wa timu nne, na tangu 2024 wa timu kumi na mbili. Mchujo haukuyaua mabakuli, uliyaazima. Raundi ya kwanza huchezwa nyumbani kwa timu yenye nafasi ya juu zaidi. Robo na nusu fainali huchezwa ndani ya mabakuli sita makubwa yanayopokezana zamu: Rose, Sugar, Orange, Cotton, Fiesta na Peach. Fainali inasimama peke yake, haina bakuli. Mabakuli mengine yote yanabaki kama zamani, mwaliko na mapumziko.

Msimu wa 2024 Notre Dame iliipitia ngazi nzima. Iliifunga Indiana 27-17 nyumbani kwenye baridi ya Desemba, ikaifunga Georgia 23-10 katika Sugar Bowl, ikaifunga Penn State 27-24 katika Orange Bowl, kisha ikalala 34-23 kwa Ohio State kwenye fainali ya Januari 2025. Kila hatua ina fungu lake: dola milioni 4 kwa kuingia, 4 kwa robo, 6 kwa nusu na 6 kwa fainali. Jumla milioni 20, na Notre Dame haikugawana na mtu. Mpira wao hauna ligi. Ni timu huru, wakati vyuo vingine viko ndani ya ligi za vyuo kadhaa ambazo hukusanya mapato kapuni na kuyagawa.

Uhuru huo una bei, na 2025 waliilipa. Nafasi kumi na mbili hugawanywa hivi: mabingwa watano wa ligi walio juu zaidi, na saba za kuteuliwa na kamati ya mchujo. Notre Dame ilimaliza ya 11 katika orodha ya kamati hiyo. Ukihesabu kwa vidole ilikuwa ndani, lakini Tulane, ya 20, na James Madison, ya 24, walikuwa mabingwa wa ligi zao, wakaingia kwa haki yao na kuwasukuma nje waliokuwa juu yao. Nafasi ya mwisho ya kuteuliwa ikaenda kwa Miami, ya 10. Kwa wiki kadhaa kamati ilikuwa imeiweka Notre Dame juu ya Miami. Wikendi ya mwisho hakuna hata mmoja wao aliyecheza, ila BYU iliyokuwa katikati yao ilifungwa ikashuka, wakabaki wamebanana, na hapo kamati ikasema itatazama mechi yao ya Agosti: Miami 27, Notre Dame 24.

Mashabiki wa Notre Dame walilia kwamba wamenyang'anywa. Kilio kina sehemu yake ya haki, kwa sababu mechi ya Agosti ilikuwepo wiki zote zile na haikutazamwa. Lakini kigezo chenyewe hawawezi kukilaumu, maana mwaka 1993 wao ndio waliokipigania. Walikuwa wameifunga Florida State 31-24, timu zote mbili zikamaliza na kipigo kimoja kimoja, zote zikashinda mabakuli yao, na waandishi wakaipa Florida State ubingwa. Mwaka ule mechi ya ana kwa ana haikuwasaidia, na mwaka 2025 imewatoa.

Baada ya hapo ndipo ukaja mwaliko wa kawaida, na bakuli lililotajwa lilikuwa lile la biskuti. Wakakataa. Msimu huo huo Iowa State na Kansas State nao walikataa mabakuli, na ligi yao ikawapiga faini ya dola 500,000 kila mmoja. Notre Dame haina ligi ya kuitoza faini.

Kwa nini hesabu hazilingani

Ukitafuta rekodi ya mabakuli ya Notre Dame utakuta tarakimu tofauti, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Kwanza, msimu na mwaka si kitu kimoja: bakuli la Januari 2018 ni la msimu wa 2017, na la Desemba 2018 ni la msimu wa 2018, kwa hiyo "bakuli la 2018" laweza kuwa ushindi dhidi ya LSU au kipigo cha 30-3 kutoka kwa Clemson. Pili, ushindi wa Pinstripe Bowl wa 2013 dhidi ya Rutgers, 29-16, ulifutwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, pamoja na ushindi mwingine wote wa misimu ya 2012 na 2013, kwa sababu ya udanganyifu wa kimasomo wa baadhi ya wachezaji. Kipigo cha 42-14 kutoka kwa Alabama kwenye mechi ya kuamua ubingwa ya Januari 2013, kabla ya mchujo kuanza, hakikufutwa, kwa kuwa kinachofutwa ni ushindi tu. Tatu, wako wanaoihesabu fainali ya mchujo kama bakuli na wako wasioihesabu. Kwa hao wa pili, msimu wa 2024 unasomeka mabakuli mawili, ushindi mawili, ingawa timu ilimaliza kwa kufungwa.

Kuhusu nafasi ya 11, kanuni imebadilika. Kuanzia msimu wa 2026, Notre Dame ikimaliza ndani ya 12 bora imehakikishiwa kuingia kwenye mchujo.